Kamba Niliyoibeba Hadi Pangani

Niliondoka Lushoto kwa sababu moja tu: sikumwamini yule mzungu. Nasema wazi tangu mwanzo, msije mkadhani nilikuwa na hamu ya kuiona bahari.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeanza kujaa sokoni na kila wiki anapanda huku milimani mgeni na mradi wake. Mmoja alitaka miti yetu, mwingine alitaka mawe. Huyu, dada wa miaka thelathini hivi aitwaye Hana, aliyepanga chumba upande wa Irente, alitaka watoto. Eti awapeleke sita Pangani kwa wiki moja, awafundishe kusimama juu ya ubao na kupanda mawimbi, wapate kujiamini. Bure. Hilo neno bure ndilo lililonitia wasiwasi kuliko bahari yenyewe.

Kaka yangu Athumani angekataa, lakini binti yake Mwanaidi, wa darasa la sita, alikuwa hafungui mdomo mbele za watu. Hesabu anazijua, daftari lake safi, ila mwalimu akimsimamisha anabaki kulia tu. Athumani alikuwa amechoka kuitwa shuleni. Akaniambia, "Dada, nenda nao kama mpishi, umchunguze huyo mtu. Na mtoto akirudi vile vile, namtoa shule, aje tulime kabichi."

Basi nikajitolea kupika. Hana akanishukuru sana kwa Kiswahili chake cha vitabuni. Kwenye mfuko nilitia sufuria, kanga mbili na kamba ya katani. Kwetu mtu akienda kukata majani ya ng'ombe kwenye jabali hufungwa kamba kiunoni, na mwenzake huko juu hushika ncha nyingine. Mama alinishika hivyo utoto wangu wote, sikuanguka hata siku moja.

Saa kumi na mbili asubuhi tulianza kuteremka na Land Rover kuukuu, zile mbao za kupandia mawimbi zimefungwa juu. Kabla ya kufika Mombo watoto wawili walikuwa wameshatapika kwa zile kona. Hana akasimamisha gari akawapa maji, nami nikayanusa kwanza. Nikaona uso umembadilika. Nikafurahi, maana nilitaka akasirike aropoke yaliyo moyoni. Hakuropoka kitu.

Kutoka Muheza ni mkonge na vumbi. Kila alipopunguza mwendo nilijua hapa ndipo wenzake wanapotusubiri. Kumbe mashimo.

Alasiri tulifika kijiji kimoja karibu na Pangani, nyumbani kwa Bi Saumu, mjane anayelima mwani. Watoto walimwamkia shikamoo mmoja mmoja, Mwanaidi akachezesha midomo tu bila sauti. Nikaona aibu kama mtoto ni wangu. Bi Saumu alipoiona kamba yangu aliniuliza kama nimekuja na mbuzi.

Siku tatu za kwanza Hana aliwafundisha kuanguka. Ndiyo, kuanguka. Walilala juu ya ubao kwenye maji ya magotini, kisha anawaambia waanguke, wacheke, wapande tena. Nikajiuliza, mtu mwenye nia njema anamfundishaje mtoto wa watu kuanguka? Kwetu ukianguka ndiyo basi tena. Hata hivyo Mwanaidi alikuwa anacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo. Hilo nalo likanitia shaka.

Siku ya nne asubuhi kulikuwa na boti ya mashine imetia nanga mbali kidogo, na wanaume wawili ndani. Siku hiyo hiyo Hana akasema atampeleka Mwanaidi mbele zaidi, kwenye mawimbi yenyewe. Nikajumlisha moja na moja. Nikamwambia haendi bila kamba. Akanieleza kwamba kamba baharini ni hatari, akanisihi kabisa. Nikamjibu, "Basi leo leo tunarudi Lushoto, wote sita." Akakubali, kwa sharti kwamba akiniambia niachie, niachie.

Nikamfunga mtoto kiunoni, fundo la nyumbani, ncha nyingine nikaizungusha mkononi. Wakaenda. Walipozidi kusogea upande wa ile boti, nikavuta. Ubao ukapinduka. Mwanaidi akazama, kamba ikamzunguka miguu.

"Achia!" Hana alipiga kelele. Mimi nikavuta zaidi. Wallahi nilidhani ananinyang'anya mtoto. Kichwa cha Mwanaidi kikaibuka, kikazama, kikaibuka tena, na safari hii akanikemea kwa Kishambaa, sauti ambayo sikujua anayo: niiachie kamba, namuua.

Nikaachia.

Hana alimbeba hadi mchangani. Fundo la katani lililolowa halikufunguka, likakatwa kwa kisu. Wale wa kwenye boti walikuja mbio kusaidia. Walikuwa wamekuja kuchukua mwani wa Bi Saumu na wenzake. Nililia mbele yao bila kujificha. Hana hakunilaumu kwa neno lolote, na mimi, mbaya mimi, nikawaza ananyamaza kwa kuwa anataka kitu.

Kesho yake Mwanaidi alirudi majini mwenyewe, bila kamba. Akaanguka mara nyingi. Kisha akasimama, wimbi likamsukuma hatua chache tu, mikono ameitanua. Nilikuwa nimekaa mchangani, mikono mitupu.

Jumamosi tulipanda milima kurudi nyumbani. Tulipofika Soni tukaanza kujifunika kanga kwa baridi. Jumapili jioni wazazi walikusanyika uani kwa Athumani, na Hana akaitwa. Nikatoa taarifa yangu: safari njema, chakula kilitosha. Mzazi mmoja akasema mwanawe amemweleza kuna mtoto aliyetaka kuzama. Minong'ono ikaanza. Wakasema mzungu ni mzembe, hakuna mtoto atakayeshuka naye tena, na ikibidi apelekwe kwa mtendaji wa kata. Hana alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Nilitumwa kumchunguza mtu na nilikuwa na jibu lake mdomoni. Nikatengeneza kanga yangu kichwani, nikanyamaza. Nimezunguka na shaka zangu hadi baharini na kurudi, na mtu wa kuogopwa katika safari ile nilikuwa mimi.

Mwanaidi akainuka kwenye mkeka walikokaa watoto.

"Si Bi Hana," akasema. "Shangazi alinifunga kamba. Bi Hana alimkataza. Shangazi ndiye aliyenivuta nikazama."

Athumani akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Sema tena, mwanangu. Wa kule nyuma hawajasikia."

Akasema tena, neno kwa neno, kwa sauti ya juu zaidi.