Jiwe la Tatu la Mpaka

Rubeni Mbonile alivuta mnyororo wa kupimia ardhi kwa miaka kumi na moja, kutoka Mbozi hadi Tunduma. Alikuwa amesoma Mbozi Mission, na msimu mmoja wa masika, kazi iliposimama kwa matope, mpimaji mmoja alimfundisha kuutafuta mstari kwa kutumia nukta mbili. Aliupenda ujuzi ule kwa sababu haukujali ni nani anayeuliza.

Mwaka 1952 aliitwa na shangazi yake Enesi, mjane mwenye kahawa. Mlowezi jirani alikuwa amejenga uzio wa waya, na safu kumi za mibuni ya Enesi zilikuwa zimebaki ng'ambo.

Mpaka ule ulikuwa na mawe mawili tu ya serikali, na hati ilisema kati ya mawe hayo mpaka umenyooka. Rubeni alipima kuanzia daraja lililo karibu na shamba. Jiwe la kwanza lilikuwa yadi 200 mashariki na 150 kaskazini. La pili, 800 mashariki na 450 kaskazini. Kwa yadi mia sita za mashariki, mstari ulipanda mia tatu za kaskazini, yaani nusu. Lakini nusu ya 200 ni 100 tu. Ili kufika 150, lazima uongeze hamsini. Akaandika: kaskazini ni nusu ya mashariki, ongeza hamsini. Akaijaribu kwa jiwe la pili: nusu ya 800 ni 400, na hamsini, 450. Ikakubali.

Penye mibuni ya Enesi, yadi 500 mashariki, mpaka ulipaswa kupita yadi 300 kaskazini. Nguzo ya uzio ilisimama kwenye 270, yadi thelathini ndani ya shamba la Enesi.

Alimpelekea karatasi mpimaji mpya, bosi wake. Yule bwana akaikagua mara mbili, akasema ni sahihi. Enesi alipoambiwa, alianza kupalilia hadi ukingoni mwa waya.

Wiki tatu baadaye Rubeni aliamriwa kubeba saruji na jiwe jipya. Walipofika penye nguzo ile, mpimaji akamwambia achimbe. Rubeni akauliza mahali hapo pameandikwa wapi katika hati.

"Hati imeandikwa upya," alijibiwa. "Mpaka sasa una mawe matatu. Una kona."

Mwenzake aliyekataa kuchimba mwaka uliotangulia hakuwa na kazi tena, na Rubeni alikuwa na mkewe Tabita na watoto watano. Alichimba. Enesi alisimama upande wa pili wa waya akimtazama.

"Ulikosea wapi, baba?"

"Sikukosea, shangazi. Hesabu ilikuwa sawa."

Rubeni akashindilia saruji. "Heri ungekosea," akasema Enesi. "Nisingetumaini wiki zote hizi."

Mwaka uliofuata Enesi alihamia Msangano kwa binti yake, bondeni kwenye joto, ambako kahawa haistawi, akalima ulezi. Rubeni alikwenda kumwona mara mbili. Alikaribishwa, akapewa chakula, akaulizwa hali ya Tabita na watoto. Kazi yake hakuulizwa.