Siku Rangi ya Mashua Ilipohamia kwa Mama Mkwe

Cheka tu, mimi nimeshazoea, maana Butembo nzima inajua kwamba mimi Kambale, mpaka rangi, nilimsugua mama mkwe wangu makalio mbele ya padri. (Na siku ile hakuwa hata mama mkwe, hapo ndipo penye shida.)

Kazi yangu ni kupaka milango ya chuma, mais parokia moja ya ziwani ilipata mashua ya aluminium, ile inayobebwa na flotteur, mitungi miwili mirefu inayoelea, wakaniletea niipake buluu. Aluminium ina majivuno, ukiipaka hivi hivi inaivua rangi, donc niliikwaruza kwa papier de verre, ile karatasi ya msasa, nikaiosha, nikatanguliza rangi ya kushikia, ndipo buluu ikafuata, nikasema sasa hata Mama Kavugho atanikubali. Huyo ni mama wa Masika wangu, muuza samaki mwenye jina, na posa yangu ilikuwa haijajibiwa kwa sababu yeye peke yake alikuwa anasita. Na nani amechaguliwa kuwa marraine, mama wa ubatizo wa mashua, siku ya baraka? Yeye.

Asubuhi ile ya baraka, kule ziwani, tunashusha mashua kutoka kwenye lori, naona kamba zimeikwaruza flotteur mpaka aluminium inang'aa. Ningesema tu ukweli, lakini niliogopa Mama Kavugho aone kazi yangu ina makovu, nikaamua kuziba haraka, itakauka wakati wa misa, na kwa kuwa essence ya kuchanganyia rangi, ile ya magari, ilikuwa imeisha nikatia pétrole, mafuta ya taa (rangi ya pétrole haikauki upesi, nalijua hilo, siku hiyo nilijifanya sijui). Kumbe mawingu yakajikusanya, padri akasema tubariki kwanza, misa baadaye, na Mama Kavugho, na kikwembe chake kipya cheupe alichojifunga kiunoni, akaenda kuegemea flotteur apigwe picha, pale pale penye buluu mbichi.

"Mama, hapana! Toka pale!"

Nilikuwa nimechelewa. Nyuma yake kulikuwa na buluu pana, na mimi akili ikanitoka, nikachukua kitambaa cha pétrole nikaanza kusugua, nasugua kweli kweli kama mlango wa chuma, rangi inazidi kuenea, wanakwaya wanashika vichwa (kwetu mama mkwe unampisha hata njiani, humgusi!), nami nasugua tu.

"Kambale," akasema bila kugeuka. "Unasugua nini?"

"Rangi, mama."

"Na mukono yako iko wapi?"

Nikatazama mkono wangu ulipo. Kitambaa kikaanguka chenyewe, padri akajifunika uso kwa kitabu chake, mabega yanamtetemeka, na mimi nikaona wazi kwamba Masika ameshaniponyoka.

Siku ya kujibiwa posa nilikwenda na wajomba zangu. Tukakaa. Mama Kavugho akatoka chumbani amevaa kikwembe kile kile, akawageuzia wazee wa familia yake mgongo.

"Munaona hii? Nimefula, nimefula, haitoke. Batu bote ba ziwa baliona. Mukimukatala huyu kijana, hii alama nitaielezea namna gani? Ashakuwa mukwe. Bamupatie Masika, tumalize."

Wazee walicheka mpaka wakakohoa, na mimi nilishusha pumzi niliyoibeba tangu ziwani, karibu nilie kwa furaha. Akapita karibu yangu, akainama kidogo.

"Lakini siku ingine, mutoto, ukipakala rangi, useme."

Nasema, jamani. Siku hizi nikipaka hata kizingiti natundika majani ya migomba pande zote, alama ya kwamba rangi ni mbichi, na kupiga kelele mpaka majirani wanachoka. Na pétrole haikanyagi tena kwangu, nyumbani tunawasha taa ya sola.