Mheshimiwa na Bakuli la Uji

Sista mkuu wa wodi yetu ana mikono isiyotulia: akiongea nawe ananyoosha shuka, akicheka anakupima homa kwa kiganja. Ila wanasiasa wakija kupigwa picha, anaifunga mgongoni na kutulia kama maji ya mtungi. Hapo sisi wauguzi wake tunajua kuna jambo. Jana kaja mheshimiwa na wapiga picha wake. "Tumekuja kuwasaidia wauguzi wetu!" akatangaza, akawekewa kiti kando ya kitanda, akapewa bakuli la uji amlishe bibi mmoja asiyeweza kushika kijiko. Kijiko cha kwanza, picha. Cha pili, tabasamu, picha. Kisha akamnyooshea sista bakuli alipokee. Mikono ikabaki kulekule mgongoni. "Bado, baba. Bibi hajashiba."

Kamera zikashushwa, wapambe wakaanza kutazama saa, sisi tukageukia ukutani tusije tukaangua kicheko. Mheshimiwa akalisha huku jasho linamtoka, mpaka bakuli likabaki jeupe. Sista akamshukuru kwa adabu zote, ndipo mikono yake ikatoka mgongoni: akakibeba kile kiti, akakiweka kando ya kitanda cha pili. "Karibu huku, baba. Na huyu hajala."