Mlango wa Nyuma wa Hong Kong Ndogo

Dorca Aoko alikaanga samaki sokoni Kombewa kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumuuliza samaki wake ni wa taifa gani. Ngege alikuwa ngege, mbuta alikuwa mbuta. Swali hilo alikutana nalo mara ya kwanza mwaka wa 1991, alipohamia mtaa wa Migosi mjini Kisumu kukaa na binti yake Lornah, fundi wa cherehani, akaenda kuomba kazi kwa Bwana Bildad.

Bildad alikuwa ametoka Nyeri zamani, akaja Kisumu kuuza misumari na mabati. Biashara ilikuwa nzuri tu, hadi siku wakwe zake wa Nairobi walipompeleka kwenye hoteli ya Wachina. Akaona watu wakiletewa chakula kidogo, wakilipa pesa nyingi, kisha wakitoka wakishukuru. Tangu hapo hakutulia.

“Wamucii,” alimwambia mkewe, “mimi siwezi kumuuzia mtu nusu bati halafu anishukuru. Tumekosea biashara.”

Akapanga nyumba Migosi, akaipaka rangi nyekundu, akaning’iniza taa za karatasi, na mlangoni akaandikisha: HONG KONG NDOGO. CHAKULA CHA KICHINA NA SAMAKI WA BAHARI. BEI YA MWANANCHI. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita alimuuliza samaki hao ni wa bahari gani, maana kila asubuhi aliwaona wakiletwa kwa baiskeli kutoka Dunga, ufukweni mwa ziwa.

“Ziwa ni bahari ambayo haijatiwa chumvi,” Bildad alimjibu. “Chumvi tutatia sisi.”

Mpishi wake, Zacchaeus, alitoka Nairobi na barua iliyosema kwamba amefanya kazi miaka sita katika jiko la Kichina. Barua haikudanganya. Haikutaja tu kwamba miaka yote sita alikuwa akiosha vyombo. Kwa hiyo Zacchaeus alikijua chakula cha Kichina kutokana na kile kilichobaki kwenye sahani, na ndivyo alivyokipika: kila kitu kilikuwa chekundu, kitamu kama peremende, na kiligandamana na sahani. Mchuzi wake aliutengeneza kwa sosi ya nyanya, sukari na juisi ya nanasi ya chupa, na kila alipouchanganya alimfukuza Dorca jikoni ili siri isitoke.

Dorca aliajiriwa kupara magamba, kutoa matumbo na kukata vichwa.

“Vichwa vyote?” aliuliza siku ya kwanza.

“Vyote,” alisema Zacchaeus. “Mchina hali kichwa.”

Dorca alimhurumia Mchina, akakata.

Siku kubwa ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Watu wa Migosi walikuja na suti zao za kanisani, na wa kwanza kuketi alikuwa Gordon Oketch, wakala wa bima. Gordon alikuwa na binamu aliyesoma China na kumwandikia barua mbili, na kwa nguvu ya barua hizo mbili alikuwa amekuwa mjuzi wa mtaa mzima. Alishika vijiti kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Alieleza kwamba wali wa Kichina hautafunwi, unasikilizwa. Meza za jirani ziliitikia kwa vichwa. Mama mmoja wa kwaya alipouliza kwa sauti ya chini kama samaki anatakiwa kuwa na ladha ya keki, mumewe alimkanyaga mguu.

Kila mtu alisifu, na hakuna aliyemaliza sahani.

Sasa Dorca alikuwa na ndoo ya vichwa. Kumwambia mama wa Seme, upande wa Kombewa, atupe kichwa cha ngege ni kumtafutia laana. Alivipika supu uani, kwa nyanya na kitunguu, bila mafuta mengi, akasonga na ugali wake mwenyewe. Harufu ilizunguka nyumba, ikapita madirisha ya mbele. Jumapili ya kwanza aliyefuata harufu alikuwa mhudumu, Joram. Jumapili ya pili mlango wa uani uligongwa, na Gordon Oketch akasimama pale, tai yake ameitupa begani.

“Mama, nimepita tu kuangalia usafi.”

“Karibu, Baba. Usafi uko ndani ya sufuria.”

Akala vichwa viwili na ugali wa kumtosha mkulima, akalipa, akaondoka. Jumapili iliyofuata walikuja saba. Baada ya mwezi Dorca hakuhesabu tena. Waliketi juu ya kreti za soda, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, ili jioni mtu yeyote aweze kuapa kwamba hakumwona mtu. Wamucii naye alikuja, akala amesimama, akisema ana haraka. Bildad peke yake hakujua, kwa sababu saa hizo alikuwa mbele akiwaaga wateja, na walikuwa wakimshukuru sana.

Jumapili moja ya mwezi wa tano akaingia mwanamke mfupi mwenye kofia ya majani na kikapu. Jina lake lilikuwa Malee. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha minofu kilichokuwa kikijengwa ufukweni, na kwa miezi tisa Malee alikuwa amekaa Kisumu akila mkate na mayai. Alikuwa amesoma kibao cha mlangoni, akafurahi.

Gordon alisimama, akainama hadi tai ikaingia kwenye mchuzi. “Hatimaye,” alisema, “Mchina mwenyewe amekuja.” Bildad mwenyewe akabeba sahani: ngege asiye na kichwa, mwekundu, anang’aa.

Malee alionja. Akaweka kijiko chini. Alimtazama yule samaki kama mtu anavyomtazama shemeji aliyekuja matangani na nguo za harusi. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja jikoni. Zacchaeus alipomwona mlangoni alikumbuka ghafla kwamba vitunguu vimekwisha, akatoka kununua, na hakurudi siku hiyo.

Wakabaki wanawake wawili. Malee aliinua shavu la samaki mmoja kwa kidole, akatazama ndani, akamweka kando. Dorca akacheka.

“Huyo ni wa jana, kweli. Chukua huyu, wa asubuhi.”

Malee akamchukua. Dorca aliponyanyua kisu kukata kichwa, kama alivyofundishwa, Malee alimpiga kofi mkononi.

“Yawa!” alisema Dorca, akishika mkono. “Huyu ni mtu wetu.”

Malee alifungua chupa za Zacchaeus moja moja, akanusa, akazifunga. Akatoka uani. Watu wa kreti walificha nyuso zao kwa sahani, lakini hakuwa na habari nao. Macho yake yalikuwa kwenye ua wa jirani, palipokuwa na kichaka cha mchaichai. Alipiga ukelele, akakimbia, akang’oa mashina mengi.

“Unataka chai?” Dorca alimuuliza. “Si ungeniambia.”

Hakutaka chai. Aliyapondaponda mashina kwa mpini wa kisu, akayaweka tumboni mwa samaki pamoja na tangawizi. Akakata vitunguu saumu na pilipili, akakamua ndimu. Halafu akakwama. Kulikuwa na kitu alichokitaka ambacho hakujua jina lake kwa Kiingereza. Akaziba pua. Akaonyesha jua. Akapima kwa vidole kitu kidogo, kidogo sana, chenye mkia. Dorca alifikiri, akaenda kwenye kapu lake, akarudi na konzi ya omena, dagaa wa ziwa waliokaushwa, aliyokuwa ameinunua kwa chakula cha nyumbani. Malee alinusa, na macho yakamjaa machozi. Wakailoweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, wakaitwanga, wakachuja. Samaki akapikwa kwa mvuke, juu ya sahani iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa, mzima, kichwa na mkia.

Dorca alionja kwanza. Ndimu ilimchoma, pilipili ikafuata, na chini kabisa ikawapo omena, imetulia kama mwimba besi ambaye humwoni nyuma ya kwaya lakini akikosa wimbo unaanguka. Alihisi furaha, kisha hasira kidogo. Miaka kumi na mmoja ya mafuta ya kukaangia, na mchaichai ulikuwa kila ua wakati wote.

Wakapika sita. Bildad, akidhani bahati yake imefika, akawapelekea wateja.

Gordon alinusa. Akageuza samaki kwa kijiti kimoja.

“Bildad, hii ni nini? Haya ni majani ya chai. Na ndani yake kuna omena. Omena mimi nimeijua kabla sijajua jina langu!”

“Na kichwa kiko!” alisema mtu wa meza ya pili, kwa uchungu wa mtu aliyetukanwa.

“Hii ni ya kienyeji,” Gordon akahukumu. “Tumekuja hapa kula Kichina, tunapewa mambo ya nyanya zetu kule kijijini.”

Bildad alimwendea Malee akitoka jasho, na Gordon akatafsiri kwa Kiingereza. “Madam, wateja wanasema hiki si chakula cha Kichina.”

Malee alitabasamu kwa adabu. “Si cha Kichina. Mimi ni Mthai.”

Gordon akawageukia watu. “Mmesikia? Amekiri mwenyewe.”

Samaki wakarudishwa jikoni. Bildad akawafuata, amevimba.

“Mama Dorca, nilikuajiri upare magamba. Leo umepikia watu wa tai omena?”

“Bwana Bildad,” alisema Dorca, akijipangusa mikono, “hawa watu wa tai nawapikia kila Jumapili. Njoo uone.”

Akafungua mlango wa nyuma. Wateja waliokuwa wamekaa mbele dakika tano zilizopita walikuwa tayari juu ya kreti, na samaki waliorudishwa walikuwa wamefika kabla yao kupitia dirishani, kwa mkono wa Joram. Gordon alikuwa na shavu la ngege mdomoni. Karibu naye, sahani mapajani, alikuwa Wamucii.

“Mimi nilikuwa naangalia usafi,” alisema Wamucii.

Mtu mwingine angejifunza kitu. Bildad alijifunza biashara. Wiki hiyo alitia kufuli mlango wa nyuma, akaleta ile supu ya vichwa mbele, akaipa jina la Supu ya Joka na bei mara tatu. Watu wa Migosi waliinywa kwa vijiti. Hakuna njia rahisi ya kunywa supu kwa vijiti, lakini walijitahidi, na Gordon alieleza kwamba kiu nayo ni sehemu ya utamaduni. Bildad alimwomba Dorca abaki kuipika, avae kofia ndefu, na asionekane. Dorca alisema kofia anaweza kuvaa. Kutoonekana hawezi. Akachukua kisu chake, akaondoka.

Alifungua kibanda Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Kila Alhamisi Malee alikuja na kikapu, wakapika pamoja. Madereva wa malori hawakuwa na binamu China. Waliuliza jina la chakula, Dorca akasema “samaki,” wakaagiza wa pili. Hong Kong Ndogo ilifungwa baada ya miaka miwili, Bildad akarudi kwenye misumari. Gordon naye akawa anakuja Otonglo na wageni, akiwaeleza kwamba upishi huu ni wa kale sana, ulianzia Seme, na Wathai waliuiba. Dorca alikuwa akimtilia pilipili zaidi.

Mwaka wa 1995 mkataba wa mume wa Malee ulikwisha. Kufikia hapo wanawake wale walikuwa na lugha yao, nusu Kidholuo, nusu Kiingereza, iliyobaki mikono. Asubuhi ya safari gari lilisimama Otonglo, injini ikinguruma. Malee alishuka, akafunua sufuria, akaonja. Akatafakari. Akakamua ndimu nusu ndani.

“Hata leo?” Dorca alimfokea. “Hata siku ya kuondoka unanikosoa?”

Malee akamkumbatia, akapanda gari, likaenda.

Dorca alibaki na hasira siku mbili, akipika bila ile nusu ya ndimu, na kumwambia Lornah kwamba mgeni ni mgeni tu. Siku ya tatu alionja, akamtuma Lornah akanunue ndimu.