Udongo Mweusi wa Bibi

Juzi nikitoka Tunduma niliona mahindi yamesimama ndani ya shimo la moramu la bibi, nikakumbuka alasiri ile katapila lilipoingia shambani kwake, likinuka dizeli.

"Moramu ya kujengea barabara chukueni," bibi alimwambia dereva. "Huu udongo mweusi wa juu nirundikieni pembeni. Mkimaliza kuchimba, mnaurudisha."

"Bibi, huu si uchafu tu?" dereva aliuliza.

"Basi niachie uchafu wangu, mwanangu."

Nilinuna. Malori yaliondoka yamejaa moramu nyekundu ya kupendeza, sisi tukabaki na rundo.

"Bibi, umepigwa," nilimwambia. "Mali wamechukua wao."

Alicheka, akakaa juu ya rundo lake kama mwenye duka, akingoja lirudishwe shimoni.

Barabara waliyoijenga kwa moramu ile imeshabomoka mara mbili. Uchafu wa bibi bado unazaa.