Mandari ya Kuwatazama Kima Punju

Siku hizo mtu wa mjini akikwambia anakwenda mandari, ulijua atakwenda Chukwani au pwani nyingine yenye upepo, atapika pilau chini ya miti, ataimba, atarudi magharibi viatu vimejaa mchanga. Hakuna aliyefunga safari kwenda kutazama wanyama. Nilipowaambia majirani kwamba ninampeleka mama msitu wa Jozani akawatazame kima punju, jirani yetu wa mlango wa pili aliniuliza kama wa hapa mtaani wamekwisha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla siasa hazijapanda vibarazani na majirani kuanza kuulizana chama. Mimi nilikuwa mke wa watu, miaka ishirini na ushei, ulimi mkali na subira ya kiberiti. Mama tulikaa naye ghorofani, nyumba moja na mume wangu, Mji Mkongwe. Alizaliwa kijiji cha kando ya msitu, akaolewa mjini angali kigori, na tangu hapo kwao hakurudi ila kwa mazishi.

Macho yake yalikuwa yakififia. Daktari alikwisha sema hakuna dawa ya kuyarudisha. Mwenyewe akituambia anaona, ila kama mtu anayetazama kupitia chandarua, nasi tukamwamini. Jioni nilipokuwa nikimsuka alinihadithia kima wa kwao: mgongo mwekundu, nywele nyeupe zilizosimama kichwani, mkono usio na kidole gumba. Watu wakiwaita punju, yaani sumu, wakiamini kwamba mbwa akimla mmoja hunyonyoka manyoya yote. Yeye utotoni aliwapenda, akigombezwa kwa ajili yao. Nikajiapia kwamba lazima awaone tena kabla macho hayajafunga kabisa. Nilipomwambia akasema haya, twende.

Nilitaka twende wawili tu. Lakini Unguja mandari ya watu wawili haikuwa mandari, ilikuwa uchoyo, na tungesutwa mwaka mzima. Basi wakaja wanawake kumi na mmoja, gari la shamba likajaa masufuria, mikeka, kuku wa kuchinjwa na matari mawili. Hata Jang'ombe hatujaipita, vigelegele vilikwisha anza. Mimi nilikaa dirishani nimenuna, najiuliza ni kima gani atakayesubiri kelele zile. Leo ninapozikumbuka nyimbo zao, na namna tulivyobanana bila mtu kumwuliza mwenziwe asili yake ni wapi, natamani ningeimba nami.

Msituni mama alitembea ameweka mkono begani kwangu. Mizizi ilikuwa mingi, nikaona ni busara. Tukatandika mikeka penye uwazi, mafiga yakapangwa, mkaa ukawashwa. Tulipika, tukala, tukashushia chai, na juu mitini hamkuwa na kitu ila ndege. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Jirani yule akanitania kwamba kima wangu wamesikia ninakuja na ulimi wangu, ndiyo maana wamehama.

Baada ya chakula jirani alitaka kuuzima mkaa uliobaki aurudishe kwenye gunia, maana mwanamke anayetupa mkaa alionekana hana akili. Mama akamwomba aumwagie maji upoe, kisha auache palepale. Akaeleza kwamba kima hawa hula mkaa. Kwao, tanuri ya mkaa ikishafunguliwa, watoto walikuwa wakiwekwa walinzi, kima wasiuibe. Wenzetu walicheka mpaka wakashikana mbavu. Jirani aliguna, akamwaga maji, akauacha kwa heshima ya mama, si kwa kuamini. Wakachukua matari yao wakashuka kwenda kuangalia mikoko, tukabaki sisi wawili.

Pakawa kimya. Tulikaa kitambo kirefu bega kwa bega, na hasira yangu ikaanza kunitoka. Kisha majani yakatikisika juu yetu. Kima mmoja akashuka tawi kwa tawi mpaka chini, akakaa juani, hatua tatu kutoka kwenye mkeka wetu. Alikuwa vilevile kama alivyohadithiwa, mwekundu mgongoni, na mtoto amemng'ang'ania kifuani. Akaokota kipande cha mkaa akaanza kutafuna. Moyo wangu ulijaa furaha. Nikageuka nimwone mama anavyomtazama.

Mama alikuwa ameinua uso juu, kwenye matawi.

"Nasikia majani," alininong'oneza. "Wakishuka, nambie."

Yule kima alikuwa mbele yake kabisa. Hata mtoto mdogo angemrushia njugu zikamfikia.

"Kashashuka, mama," nilisema. "Yuko mbele yako."

Akateremsha uso, akatazama pembeni kidogo, pasipo na kitu. Akatabasamu.

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu Ramadhani," alisema. "Mwangaza nnauona. Watu siwaoni."

Ramadhani ilikuwa imepita miezi mitatu. Miezi mitatu alichuja tui mbele yangu, akapanda na kushuka ngazi, akasifu hata kanga yangu mpya, nami niliyejiona hakuna kinachonipita sikujua lolote. Nikamwuliza kwa nini basi alikubali kuja.

"Ulikuwa na hamu mno nione," alisema. "Sikuweza kukuvunja moyo, mwanangu."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Nilitaka kulia kwa sauti, lakini ningelia kima wangekimbia. Basi nikameza machozi nikaanza kumsimulia, polepole, mimi ambaye nilikuwa sijui kusema kitu chochote polepole. Nikamwambia huyu ana mtoto. Anashika mkaa kwa vidole vinne, anautafuna kama bibi anayetafuna karafuu kwa maumivu ya jino. Mwingine anashuka, huyu dume, ana kovu puani. Wawili wanagombea kipande kimoja, na mdogo ndiye aliyekipata. Mama alicheka bila sauti, mkono wake umekamata wangu. Akaniuliza wako wangapi. Nikahesabu, nikamwambia tisa.

Matari yakasikika kwa mbali, na kima wakapanda wote kwa pamoja, wakapotea. Jirani ndiye aliyetangulia kufika, anahema. Alipoona mkaa umetapanywa akamwuliza mama kama amewaona.

"Nshawaona," mama alijibu. "Tisa. Mmoja kabeba mwanawe."

Jirani akanigeukia mimi, maana uso wangu ulikuwa umelowa. Nikamwambia ni kweli, walikuwa tisa.