Saa Moja na Nusu hadi Dar

Siku ile katika kibanda cha uwanja wa ndege Mtwara tulikuwa sita: mimi, mdogo wangu wa kiume, mdogo wetu wa mwisho, ambaye ni binti wa miaka minane aliyefungwa bendeji jicho la kushoto, muuguzi aliyetusindikiza, karani wa ndege, na mwalimu mmoja wa kike kutoka bara, kajitanda kitenge cheusi. Abiria wengine walikwisha kupanda.

Jana yake tulikuwa tunachoma korosho uani kwetu, Magomeni ya hapohapo Mtwara. Ganda likapasuka, mafuta yake makali yakamrukia binti jichoni. Nilikuwa nimemwambia akae mbali, lakini nilimwambia huku nimempa mgongo. Tangu wazazi wetu wafariki na mimi kuacha shule darasa la tano, kuwatazama wale wawili ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Daktari alisema asipoonwa na bingwa Dar es Salaam kabla ya kesho jioni, jicho limekwenda. Rufiji ilikuwa imefurika na kivuko kimesimama. Lori lililoondoka Mtwara Ijumaa lilikuwa bado limekwama ng'ambo ya huku. Kwa ndege ni saa moja na nusu.

Hospitali ilitupatia kiti kimoja. Karani akasema mtoto mgonjwa hapandi peke yake, na kiti kingine hakuna.

"Nitampakata," nikasema.

"Mtoto mkubwa huyu. Na ndege si lori la chumvi, dada, useme utaning'inia nyuma."

Mdogo wangu wa kiume alicheka, kisha akaniona uso, akanyamaza. Nje propela ya kwanza ilianza kuzunguka.

Nikamgeukia mwalimu. Muuguzi alikwisha kuninong'oneza kwamba amefiwa na baba, anakwenda kwao Moshi. Kwetu maiti hailazwi. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri yuko kaburini. Basi nikasema nililolijua.

"Pole na msiba, mwalimu. Marehemu amekwisha sitiriwa, wewe unakwenda kuhani tu. Nakuomba kiti chako."

Alimuuliza karani, "Ndege nyingine lini?"

"Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano. Alihesabu kwa vidole, akaacha, akaanza upya. Propela ya pili nayo ikanguruma.

"Wewe ndiye mkubwa kwenu?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Na mimi kwetu." Akamsukumia karani tiketi yake. "Mwandike huyu. Upesi."

Jicho lilipona. Hata leo binti yule ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano.

Tuliporudi, mwezi mmoja baadaye, nilifunga nguru mkavu na korosho nikaenda kwenye nyumba za walimu. Jirani yake akaniambia hakurudi, aliomba uhamisho. Kwao, akasema, kaburi halifukiwi mpaka mzaliwa wa kwanza atupe udongo wa kwanza. Walimngoja hadi Ijumaa. Maiti haikuweza kungoja zaidi, ikabidi mdogo wake autupe ule udongo. Yeye alikuta kaburi limekwisha kufukiwa.

Aliyajua yote hayo wakati namwambia anakwenda kuhani tu, na hakunisahihisha.

Nguru nilimwachia jirani. Tangu hapo kila mwalimu mgeni akihamia Mtwara namuuliza habari za yule wa kitenge cheusi. Radhi yake bado sijaiomba.